Jinsi ya kuandika simulizi ya muuaji wa kukodiwa wa Wyoming ukiwa umekaa zako Mbeya

Kamwene ndugu zangu wa Iringa, na nyie wa Mbeya na Tukuyu ugonile. Kuna vijana kama wanne wanaoandika simulizi za kwenye simu, zile za sehemu ya kwanza sehemu ya pili mpaka ya arobaini, wameniomba kwa nyakati tofauti niwaelekeze namna ya kuandika habari za wauaji wa kukodiwa wa Marekani ya zamani, enzi za makauboi, na kila mmoja nimemjibu vipande vipande kwa voisi, sasa nimeona bora nikae niandike yote sehemu moja maana hii kitu naipenda toka mdogo na inaniuma ikiandikwa hovyo.

Mimi nimekulia Mwanjelwa kwenye mabanda ya video, benchi za mbao, mtafsiri kashika maiki, na tulichokitoa pale ni kwamba stelingi hafi, na kwamba ugomvi unaisha mchana kweupe katikati ya barabara, watu wawili wanatazamana, anaechomoa haraka ndo mshindi. Simulizi yangu ya kwanza niliandika hivo hivo, sehemu 14. Sasa kuna mzee mmoja mfugaji wa Rujewa mjukuu wake alikuwa anamsomea kila jioni, siku moja akasema apigiwe huyo mwandishi, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huyo bwana wako anaua watu kila siku kwa ajili ya ng'ombe, hao ng'ombe ni wa nani, na wanakula majani ya nani?" Sikuwa na jibu. Nikaisimamisha ile simulizi karibu mwaka mzima nikawa nasoma tu, na nilipokuja kuelewa nikagundua swali la mzee ndo simulizi yenyewe.

Kwaiyo cha kwanza, kabla hujampa mtu wako jina, farasi wala bastola, jua majani ni ya nani. Wyoming, kule magharibi mwa Marekani, miaka ya 1880 eneo kubwa sana la malisho lilikuwa ardhi ya serikali, halina uzio, na matajiri wa ng'ombe walikuwa wanaachia mifugo yao humo bure kabisa, maelfu kwa maelfu, wengine hata sio Wamarekani, mfano ile kampuni ya Swan Land and Cattle mtaji wake ulitoka Scotland mwaka 1883. Wakati huo huo kulikuwa na sheria ya toka 1862 inayompa mtu wa kawaida eka 160 akiishi hapo miaka mitano na kulima. Halafu 1874 bwana Joseph Glidden akapata hataza ya seng'enge zake za miba, kwaiyo mtu mdogo akawa anaweza kuzungushia kipande chake kwa bei rahisi, na mara nyingi kipande kizuri ndo kile chenye maji. Unaona moto unavyowaka hapo? Tajiri ana ng'ombe wengi hana ardhi, mdogo ana ardhi na ng'ombe wachache, na mto ni mmoja.

Mwaka 1884 chama cha matajiri wa ng'ombe cha Wyoming kikapitishiwa sheria kwamba ndama yeyote asiye na chapa anayekutwa malishoni bila mama yake ni mali ya chama. Isome tena hiyo sentensi taratibu. Yaani ndama wa ng'ombe wako mwenyewe, hujawahi kumpiga chapa, akipotezana na mama yake akakutwa kule mbugani ni wa chama, na wewe ukimpiga chapa unaitwa mwizi. Alafu ukaja ule msimu wa baridi wa 1886 kuingia 1887, theluji juu ya theluji, ng'ombe wakafa wamesimama, matajiri wakapigwa hasara ambayo wengine hawakuinuka tena, na waliobaki wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Wakampata mdogo. Neno "mwizi wa ng'ombe" likawa ni neno la kumwekea mtu yeyote unaetaka aondoke.

Mtu wa Mbarali hapo hahitaji maelezo mengi. Sisi huku tumeona ng'ombe wakihamishwa kutoka bonde la Ihefu hapo Mbarali miaka ile ya 2006 na 2007, tumeona mkulima na mfugaji wanavyotazamana kwenye njia ya maji. Tumia hiyo kumbukumbu ikusaidie kuhisi, vumbi lake, sauti zake, namna mtu anavyokaa kimya mezani akiwa na hofu, ila nakuomba sana usichukue watu wetu ukawavisha kofia ukawapeleka Wyoming. Kule mambo yao yana sababu zao. Hisia unaazima nyumbani lakini habari yenyewe unaichukua kule kule.

Cha pili, na hapa ndo wengi mnakosea, jua anaelipa. Muuaji wa kukodiwa ni mtu mwenye ajira. Kauboi wa kawaida alikuwa anapata kama dola 30 mpaka 40 kwa mwezi, na kazi yake ilikuwa ya shuruba, kulala chini, vumbi la ng'ombe mdomoni. Sasa mwaka 1892 wale matajiri walipoamua kuivamia wilaya ya Johnson, huko huko Wyoming, waliajiri wapiga bunduki zaidi ya ishirini kutoka Texas, dola 5 kwa siku kila mmoja, na nyongeza ya dola 50 kwa kila "mwizi" atakaeuawa. Piga hesabu, dola 5 kwa siku ukifanya mwezi ni dola 150, karibu mara nne ya kauboi, hujagusa zile 50. Usibadilishe hizo hela kuwa shilingi za leo, msomaji atapotea, wewe mwambie tu kauboi alipata kiasi gani na huyu akapata kiasi gani, atashtuka mwenyewe.

Hiyo safari ya 1892 ukitaka kuiandika ni simulizi nzima, nakupa kama ilivyo. Mwezi wa nne walipanda treni Cheyenne mpaka Casper, jumla yao kama hamsini hivi, wana orodha ya watu kama 70 wa kuuawa, wakakata waya za telegrafu ili Buffalo, mji mkuu wa wilaya, usipate taarifa. Tarehe 9 wakaizingira nyumba ya ranchi moja inaitwa KC, ndani yupo Nate Champion, mfugaji mdogo, na mwenzake Nick Ray. Ray akapigwa asubuhi, Champion akamvuta ndani, na huyu Champion akawa anapigana peke yake karibu kutwa nzima, na katikati ya risasi, jamani, akawa anaandika kwenye kijitabu. Anaandika kwamba Nick amepigwa lakini bado hajafa, anaandika anamuona mgonjwa anateseka, mwishoni anawaaga rafiki zake endapo hawataonana tena. Wakasukuma mkokoteni wenye moto mpaka ukutani, nyumba ikashika, akatoka mbio wakampiga. Kile kijitabu kikatolewa mfukoni mwake na maneno yake yakaja kuchapwa kwenye gazeti la Chicago, kwasababu kwenye msafara wa wauaji alikuwemo mwandishi wa habari. Mimi niliposoma hapo mara ya kwanza nilifunga simu nikatoka nje nikasimama.

Ila ile kukawia kwa Champion kuliwapa watu muda. Sherifu wa Buffalo akakusanya raia kama 200, wakawageuzia kibao wale wavamizi wakawazingira kwenye ranchi ya TA, na waliokuja kuwaokoa wavamizi ni askari wapanda farasi wa serikali kuu, kwa amri ya Rais Benjamin Harrison. Kesi ikafunguliwa, mashahidi wawili waliokuwepo KC wakatoroshwa nje ya jimbo, wilaya ikaishiwa hela za kuendesha kesi, Watexas wakapewa dhamana wakarudi kwao, mwanzoni mwa 1893 ikafutwa. Hakuna hata mmoja aliefungwa. Ukiandika hii usiongeze kisasi cha kutunga mwishoni, najua wasomaji watakuandikia "mbona hawajalipwa", waache waulize.

Cha tatu ndo mtu mwenyewe sasa. Nakushauri mfano wako awe Tom Horn maana maisha yake yanajulikana vizuri kuliko wengi. Kazaliwa Missouri mwaka 1860, kakimbilia magharibi akiwa kijana, akafanya kazi na jeshi Arizona kama mpelelezi na mkalimani kwenye vita dhidi ya Waapache, wenyeji wa kule, alikuwepo kiongozi wao Geronimo aliposalimu amri 1886. Baadae akaajiriwa na kampuni ya upelelezi ya Pinkerton, na akaishia Wyoming kwa matajiri wa ng'ombe. Na cheo chake ukiangalia ni "mpelelezi wa mifugo". Hakuna aliekuwa na barua ya ajira imeandikwa muuaji. Hilo liwe kichwani mwako unapoandika mazungumzo, tajiri hatamki neno kuua hata siku moja, anaweza kusema tu bwana fulani naona kaleta kondoo kwenye bonde, au bwana fulani bado yupo? kisha wanaendelea kula. Mkiandika "Bosi, nataka umuue" mmeshaharibu.

Na kazi yake ilivyokuwa. Hapa sahau barabara na mchana kweupe. Kazi ilikuwa ni kusubiri. Mtu anapanda farasi peke yake siku nyingi, anajifunza ratiba za anaemuwinda, anatoka saa ngapi kukamua, anapita njia gani kwenda kisimani, geti gani lazima ashuke kulifungua. Kisha anajilaza nyuma ya mawe na bunduki ndefu, sio bastola. Horn alikuwa anatumia Winchester ya mwaka 1894, ambayo risasi zake zilikuwa za baruti isiyotoa moshi. Hicho kitu kinaonekana kidogo ila kilibadilisha kila kitu, maana ile baruti nyeusi ya zamani ukipiga tu linapanda wingu jeupe watu wote wanajua ulipo, kwaiyo ukiandika simulizi ya 1875 mtu wako akipiga lazima moshi umfichue na macho yamuwashe, ukiandika ya 1900 unaweza kumficha. Angalia mwaka wako kwanza.

Bastola nazo, kwa kifupi. Ile Colt ya 1873 ina matundu sita lakini wengi waliweka risasi tano, tundu lililo chini ya nyundo wanaliacha tupu isije ikalipuka yenyewe farasi akiruka. Pambano la kutazamana barabarani lilikuwepo, maarufu ni la Wild Bill Hickok na Davis Tutt pale Springfield, Missouri, mwaka 1865, lakini yalikuwa machache mno, na huyo huyo Hickok aliuawa 1876 Deadwood kwa kupigwa kisogoni anacheza karata. Miji mingi mikali kama Dodge City na Tombstone ilikataza kutembea na silaha mjini. Kwaiyo mtu wako akiingia baa akaweka bastola mezani, mwandishi, umemuingiza kwenye kosa la mji na hujui.

Mkikosa tabia ya kumpa mtu wenu, someni habari za Jim Miller wa Texas. Huyu alikuwa anaua kwa malipo na alikuwa mtu wa kanisani kweli kweli, hanywi pombe, havuti sigara, watu wakambandika jina la Shemasi Jim. Alivaa koti refu jeusi hata jua likiwaka, watu wanaona ni mlokole anaeheshimu ibada, kumbe ndani aliwahi kuficha bati la chuma la kuzuia risasi. Mwaka 1909 akakodiwa kumuua mfugaji mmoja karibu na mji wa Ada, Oklahoma, akakamatwa, na tarehe 19 mwezi wa nne raia wakavunja jela wakamtoa yeye na wengine watatu wakawanyonga kwenye banda la farasi. Nimemtaja kwasababu kila siku naona mnawaandika wauaji wana makovu usoni na wanacheka vibaya. Huyu alikuwa anakaa benchi la mbele kanisani.

Jingine ni mandhari, na hapa watu wa nyanda za juu kusini tuna bahati ambayo wa Dar hawana. Wengi wanaandika jangwa na mikaktasi, sijui wametoa wapi, hayo ni ya Arizona huko. Cheyenne ipo kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, kwaiyo ile hewa nyepesi ya asubuhi, mkono unakufa ganzi kwenye kamba, ng'ombe anatoa mvuke puani, unaijua. Ukitaka kuona Wyoming ilivyo panda Kitulo mwezi wa saba asubuhi mapema, upepo uache hivo hivo usiupunguze. Theluji itabidi uifikirie, anza na ule ukungu wa Igoma unavyoficha mtu wa hatua kumi.

Na weusi muwaweke, naomba sana. Wanahistoria wanakadiria kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, na Wamexico walikuwa wengi pia, ila mabanda ya video hayakutuonesha. Bass Reeves alizaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838 akaja kuwa ofisa wa sheria wa serikali kuu miaka zaidi ya thelathini. Sio muuaji wa kukodiwa huyo, lakini simulizi yako ikihitaji mtu wa kumfuatilia muuaji, huna haja ya kutunga.

Sasa sehemu ngumu. Kila simulizi ya muuaji inafika mahali inabidi uoneshe aliekufa, na usipomwonesha vizuri umeandika tangazo la bunduki. Kwa Horn ni tarehe 18 mwezi wa saba 1901, sehemu inaitwa Iron Mountain. Mkulima mmoja, Kels Nickell, alikuwa ameleta kondoo kwenye eneo la ng'ombe, na kule hiyo ilikuwa ni chuki ya damu. Asubuhi hiyo mwanae Willie, miaka 14, akapanda farasi wa baba yake, inasemekana na koti la baba pia, akafika getini akashuka kulifungua, akapigwa. Aliemkuta kesho yake ni mdogo wake wakati anapeleka ng'ombe. Andika geti. Andika ni nani alikuwa anamsubiri nyumbani na wakaanza saa ngapi kusema huyu mtoto mbona harudi. Usiandike damu nyingi, mimi nilijaribu nikafuta, koti kubwa kwa mtoto wa miaka 14 linatosha kumliza mtu.

Baadae, mwezi wa kwanza 1902, ofisa mmoja anaitwa Joe LeFors akamwita Horn ofisini Cheyenne kwa maongezi ya kazi mpya Montana, wakapiga stori, na nyuma ya mlango amejificha karani wa hati mkato anaandika kila neno. Horn akasema ilikuwa kama yadi 300, na kwamba ni shabaha bora kuliko zote alizowahi kupiga na ni uchafu mkubwa kuliko wote aliowahi kufanya. Yadi 300 ni kama mita 270, chukua uwanja wa Sokoine uunganishe viwili na nusu, ndo umbali wa yule mtoto na lile jiwe. Hukumu yake karibu yote ilisimama kwenye hayo maneno, na kuna wanaosema mpaka leo kwamba alikuwa amelewa na anajisifu tu, hata mwaka 1993 watu waliigiza ile kesi upya hapo hapo Cheyenne wakamwachia huru. Ushauri wangu usiamue wewe. Mwache msomaji akae na yale maneno nyuma ya mlango, na kalamu ya karani inayokwaruza.

Kuhusu tajiri, weka jina lake mapema kwenye simulizi na ulirudie. John Coble, mwenye ranchi na rafiki wa Horn, alisaidia kumlipia mawakili. Mahakamani aliesimama kizimbani ni mmoja tu. Ukifika sehemu ya hukumu andika viti vya nyuma kuna nani amekaa na nani hajaja, zile sehemu nilizoandika hivo ndo zilizopata maswali mengi kuliko za risasi.

Mwisho wa Horn ni kunyongwa, tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka 1903, siku moja kabla hajatimiza miaka 43. Marafiki zake wawili walimuimbia wimbo wa dini pale pale kwenye jukwaa. Na lile jukwaa lilitengenezwa na fundi michoro wa Cheyenne, James Julian, kwa namna ambayo hakuna mtu anaevuta kamba, ukisimamishwa juu ya mlango uzito wako wenyewe unafungua maji yaanze kutoka kwenye chombo, yakipungua kiasi fulani mlango unajifungua. Kwaiyo sehemu yako ya mwisho usiandike mlio wa bunduki. Zima kila sauti, wimbo umeisha, watu wamevua kofia, na muda wote huo maji yanatiririka.

Nilipomaliza ya kwangu ya pili nilimpigia yule mzee wa Rujewa nikamsomea mwenyewe. Alinyamaza muda kidogo halafu akauliza, "Na yule mama wa mtoto, wale kondoo waliwauza?" Nimeanza kuandika sehemu inayofuata.